Noti Safi Isiyonunua Unga

Somo: 2 Wafalme 6:24 hadi 7:20



Kama Jumapili hukufika, au ulifika lakini mtoto akakutoa nje ujumbe ukiwa katikati, huu hapa. Fungua Biblia usome hizo sura mbili kwanza, polepole, halafu urudi. Sitakunakilia mistari. Nataka uione mwenyewe.

Jeshi la Shamu limeuzunguka mji wa Samaria. Lango limefungwa, hakuna mkokoteni unaoingia wala unaotoka. Sasa mwandishi angeweza kusema tu kwamba njaa ilikuwa kali, tukamwelewa. Lakini yeye anatupeleka sokoni, anatuonyesha bei. Kichwa cha punda, vipande themanini vya fedha. Mavi ya njiwa, tena kipimo kidogo tu, vipande vitano. Mimi nimesomea biashara, na mtu wa biashara akiona bei lazima asimame. Punda kwa Mwisraeli si chakula, sheria ilimkataza. Na katika punda mzima, kichwa ndicho chenye nyama kidogo kabisa. Hicho ndicho matajiri wa Samaria walikuwa wanakigombania. Maskini hawakuwa hata kwa hiyo foleni.

Mwalimu wetu wa uchumi alipenda swali hili: ile fedha iliharibika? Haikuharibika. Ukiweka kipande cha fedha kwenye mizani siku ile, uzito wake ni ule ule wa mwaka uliotangulia. Kilichokosekana ni unga. Fedha ilikuwa imejaa mkononi, na nyuma yake hakuna kitu.

Naomba sasa tutoke Samaria twende Juba, kwa sababu tuna wapendwa katika ushirika huu ambao waliishi hiyo sura ya sita, na wengi wetu huwasalimia kila Jumapili bila kujua.

Tarehe 9 Januari 2005, hapa hapa Nairobi, kwenye uwanja wa Nyayo, ulitiwa sahihi mkataba wa kumaliza vita vya miaka mingi vya Sudan. Dkt. John Garang alikuwa pale. Hata miezi saba haikuisha. Tarehe 30 Julai mwaka huo huo akafa katika ajali ya helikopta. Miaka sita baadaye, tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ikawa nchi huru, na tarehe 18 mwezi huo huo ikatoa pesa yake yenyewe. Sura iliyowekwa kwenye noti zote ni ya Garang, mtu ambaye hakuwahi kuzishika. Noti ya pauni 1 nyuma yake ina twiga. Ya pauni 100, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, ina simba. Ni noti nzuri, ukweli usemwe.

Na zilikuwa na nguvu. Kwa bei ya serikali, dola moja ilikuwa chini kidogo ya pauni 3. Wakenya walizifuata kule: mafundi, madereva, wenye hoteli, wauzaji wa simiti. Benki za hapa nyumbani zikafungua matawi Juba. Nina hakika unamjua mtu mmoja aliyeenda.

Lakini nchi ilikuwa inategemea mafuta karibu kwa kila kitu. Januari 2012 ikafunga visima vyake kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada za bomba. Desemba 2013 vita vikazuka, safari hii wao kwa wao. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaanza kuanguka. Mapato yakakauka, lakini askari anataka mshahara mwisho wa mwezi, na serikali ikawa inakopa kwa benki yake kuu. Kukopa kwa benki kuu, kwa lugha ya nyumbani, ni kuchapisha. Noti zikaongezeka mitaani, magunia ya unga yakabaki yale yale, tena yakapungua. Desemba 2015 serikali ikaacha kuishikilia bei ya dola, na ghafla dola ikatoka pauni 3 kwenda zaidi ya 18. Piga hesabu: noti ya 100 iliyokuwa na thamani ya dola 33 hivi ikalala ikaamka na dola 5 na senti kidogo. Kwa shilingi zetu za wakati ule ni kutoka elfu tatu na zaidi hadi mia tano na kitu. Na huo ulikuwa mwanzo. Kufikia Oktoba 2016, bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 800 ndani ya mwaka mmoja. Kitu ulichonunua kwa 100, sasa leta 900. Baadaye ikatoka noti ya 500, halafu mwaka 2021 ikatoka ya 1,000.

Sura ya Garang haikubadilika hata kidogo. Simba bado ni yule yule. Picha haishikilii bei, hata iwe picha ya shujaa.

Kuna mama mmoja wa ushirika wetu, wa kikundi cha nyumbani cha Kangemi, ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja jina. Alikuwa anauza chai katika soko la Konyo Konyo pale Juba. Kila wiki alitoa kitu kidogo pembeni, na zikifika pauni 100 alibadilisha apate noti moja, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya kopo la unga wa maziwa. Alikuwa anaweka karo. Noti sitini alizifikisha. Pauni elfu sita. Kwa bei ya mwaka alipoanza kuweka, hizo ni zaidi ya dola elfu mbili, karibu shilingi laki mbili za Kenya. Unaweza kumaliza sekondari nazo. Mapigano ya Julai 2016 yakamtoa Juba na watoto watatu, kopo likiwa ndani ya nguo. Alipofika Nairobi na kuzibadilisha, hazikutosha muhula mmoja wa mtoto mmoja.

"Pasta," aliniambia, "si mwizi aliyezichukua. Zote sitini nilikuwa nazo. Nilizihesabu."

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi. Ukiibiwa, unalia, unapiga ripoti, watu wanakuja kukupa pole. Yeye alikuwa na kila noti aliyoweka, na hakuwa na kitu. Hagai sura ya kwanza anazungumzia mtu anayetia mshahara wake katika mfuko uliotoboka. Huyu mama mfuko wake haukutoboka hata kidogo. Ni pesa yenyewe iliyovuja.

Noti moja alibaki nayo, ya ukumbusho. Mwaka jana kijana wake mkubwa akasikia kwamba mjini kuna wanaonunua noti za zamani. Ni kweli, wapo. Ukitembea katikati ya jiji kwa wale wauzaji wa vinyago na sarafu za kale utaona albamu za noti: za Uganda ya Amin, za Zaire ya Mobutu, na ile ya Zimbabwe ya dola trilioni mia moja, ya mwaka 2009, yenye picha ya mawe yaliyopangana. Hiyo ya Zimbabwe ndiyo maarufu. Serikali ya Harare ilipoiondoa rasmi mwaka 2015, mwenye nayo alihesabiwa senti 40 za dola. Wanaokusanya noti wanailipia zaidi ya hapo, tena kwa furaha. Yaani imekuwa na bei kubwa zaidi baada ya kufa.

Kijana akapanda matatu, akampelekea yule muuzaji noti ya mama. Muuzaji akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza juu ya mwanga, akamrudishia. Imekunjwa, akasema. Ina mikunjo minne na doa la mafuta. Wateja wake wanataka ile iliyotoka benki ikaingia kwenye plastiki, haijapita mkononi mwa mtu, haijawahi kununua hata kiberiti. Hiyo ndiyo anaweza kulipia.

Sasa mpendwa, keti hapo kidogo na huyo muuzaji. Simlaumu, hiyo ni kazi yake na ana haki yake. Lakini ona jinsi anavyopima. Noti iliyofanya kazi, iliyobeba sukari na majani ya chai na jasho la mama, kwake ni takataka. Ile ambayo haijafanya lolote tangu izaliwe, hiyo ndiyo ya thamani. Na nikajiuliza ni wangapi kati yetu tunapima wokovu hivyo hivyo. Tunataka kubaki bila mkunjo. Miaka kumi kanisani, Biblia haina hata doa, sauti ni nzuri kwa kwaya, na hakuna jirani hata mmoja pale plotini anayeweza kusema imani yako iliwahi kumnunulia kitu.

Rudi Samaria. Kuna watu wanne wenye ukoma wameketi langoni, nje. Ndani kuna njaa, nje kuna maadui, wao hapo katikati. Wanajadiliana kama wafanyabiashara: tukiingia mjini tunakufa, tukikaa hapa tunakufa, basi twende kwa Washami, wakituua tutakuwa tumekufa tu. Wanafika jioni kambini na hakuna mtu. Bwana amewasikizisha Washami mshindo wa jeshi kubwa, wakakimbia, wakaacha hema, farasi, chakula, kila kitu.

Angalia wanachofanya hao wanne. Wanakula, wanakunywa, hapo sina neno; mtu ana njaa. Halafu wanachukua fedha na dhahabu na mavazi, wanaenda kuficha. Wanarudi hema la pili, wanachukua, wanaficha tena. Mji mzima unakufa kwa njaa mwendo mfupi kutoka hapo, ndani yake kuna mama wawili ambao habari yao katika sura ya sita sitaki hata kuirudia hapa, na hawa ndugu wanafukia dhahabu usiku. Wamekuwa wakusanyaji. Hiyo dhahabu shimoni ina faida gani na mwenye kuuza unga anakaribia kufa? Ni fedha ileile ya kichwa cha punda, imehama mkono tu.

Sisi Wakenya tulilionja hilo mwaka 2019. Siku ya Madaraka Gavana wa Benki Kuu, Dkt. Patrick Njoroge, akatangaza kwamba noti ya zamani ya elfu moja mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Miezi minne. Siku ilipofika, noti karibu milioni 7.4 hazikuwa zimerudi. Ni zaidi ya shilingi bilioni saba, zimebaki mahali fulani chini ya magodoro na ndani ya kuta, na hata zile ambazo mwenyewe alizipata kwa haki, kwa kuuza ng'ombe, zikageuka karatasi kwa sababu zilikaa gizani mno.

Wale wakoma walijisahihisha usiku ule ule, na ndiyo maana nawapenda. Hawakungoja asubuhi. Walisema wao kwa wao kwamba wanachofanya si sawa, kwamba siku hiyo ni siku ya habari njema na wao wamenyamaza. Wakaenda wakamwita bawabu wa mji.

Nimemruka afisa wa mfalme, na kwake ndiko nilikokuwa naenda. Mwanzo wa sura ya saba, Elisha anasema neno la Bwana: kesho saa kama hii, pale langoni pa Samaria, kipimo cha unga mzuri kitauzwa kwa shekeli moja, na vipimo viwili vya shayiri kwa shekeli moja. Huo ni utabiri wa bei, tena wa saa ishirini na nne. Afisa ambaye mfalme aliegemea mkono wake akajibu kwamba hata Bwana angefungua madirisha mbinguni, jambo hilo haliwezi kuwa. Mwalimu wangu wa uchumi angempa alama zote. Ghala ziko tupu, barabara zimefungwa, bei itashukaje kesho? Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Alichokosea ni kudhani kwamba aliyesema neno lile ni Elisha.

Noti, ukiifikiria vizuri, ni neno la mtu lililoandikwa kwenye karatasi. Haina kitu ndani yake. Anayeipokea anamwamini aliyeiweka sahihi. Pauni ya Juba ilianguka kwa sababu aliyeitoa alizidi kuandika neno ambalo hakuwa na uwezo wa kulilipa. Neno la Elisha halikuwa na ghala nyuma yake wala bomba la mafuta, na kesho yake lilibadilishwa langoni, shekeli kwa shekeli, bila kupungua. Yule afisa aliliona kwa macho yake na hakula. Watu walimkanyaga palepale langoni wakikimbilia unga.

Sasa natoka Samaria, natoka Juba, nakuja hapa kwetu, na mtanivumilia.

Watu wa Mungu, tumechapisha sana. Mtu anakueleza shida yake baada ya ibada, unamshika bega, unasema, "Nitakuombea," na ukifika stage ya matatu umeshasahau jina. Hiyo ni noti umetoa. Tunaandika kwa kikundi cha simu "tuko pamoja" na mikono kumi ya kuomba, na aliyefiwa anazika na watu sita. Hiyo pia ni noti. Na mimbari nayo isijifiche. Kila Januari mwaka mpya unapewa jina, mwaka wa kufunguliwa, mwaka wa kuvuka, na kuna wahubiri mjini hapa wanaogawa unabii wa magari na visa kama karatasi za matangazo pale Tom Mboya. Neno la Bwana halijashuka thamani. Lakini sisi tunaolibeba tukilichanganya na letu, msikilizaji hawezi tena kutofautisha, na siku Mungu anaposema kweli kwamba kesho unga utakuwa shekeli moja, watu wamechoka, wanapiga miayo. Hivyo ndivyo mfumuko unavyofanya. Unaharibu hata noti ya kweli.

Mama wa Kangemi alipomaliza kunisimulia habari ya kopo, alinitajia kitu kimoja tu cha hapa kwetu. Machi tulisimama katika ibada zote mbili tukajaza kadi za ahadi za mfuko wa karo. Yeye alikuwa ameketi nyuma na wanawe. Alisikia watu wakiitwa, elfu tano, elfu kumi, elfu ishirini, na kanisa likipiga makofi na vigelegele. Mtoto wake wa pili akamwuliza kwa sikio kama sasa atamaliza shule. Akamwambia ndiyo.

Kadi hizo ziko kwenye faili ofisini. Nyingi bado hazijaguswa. Sisomi majina na sitasoma. Ni kadi safi sana, hazina mkunjo.

Najua uchumi. Najua kuna waliopoteza kazi tangu Machi, kuna ambaye mshahara unaingia leo na mkopo wa simu unaumeza kabla ya jioni. Kwa hivyo sikiliza kile ambacho nchi hufanya pesa yake ikishaharibika. Hukata sufuri. Uganda mwaka 1987 ilikata sufuri mbili: leta shilingi 100 za zamani, chukua 1 mpya, na bado serikali ikatoza asilimia 30 juu. Zimbabwe ilikata sufuri tatu mwaka 2006, kumi mwaka 2008, na kumi na mbili mwaka 2009, na haikusaidia, kwa sababu ilikata huku ikiendelea kuchapisha. Kukata peke yake hakutoshi. Lazima na mashine isimame.

Basi tufanye yote mawili. Bwana wetu katika Mathayo 5:37 alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo tu. Kama uliandika elfu kumi na ukweli wako ni elfu mbili, njoo ukate uandike elfu mbili, na uzilete. Hakuna mtu atakuuliza. Kama uliandika na huna hata mia, njoo useme, tutaandika sufuri na kukuombea hapo hapo tukiwa tumesimama, si "nitakuombea". Kama unazo na ulisahau tu, unajua la kufanya. Na kwa mwezi huu wote hakuna kadi mpya zitakazotolewa katika kanisa hili, za kitu chochote, hata za vyombo vya muziki. Mchungaji kiongozi amekubali.

Shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Mzee wa kanisa na dada wa ofisi watakuwa na meza kando ya mlango wa kushoto baada ya ibada ya kwanza, tena baada ya ibada ya pili, na faili litakuwa hapo, kila kadi kwenye bahasha yake. Usiogope foleni, itaenda haraka. Ambaye hawezi kufika Jumapili apite ofisini Jumatano jioni kabla ya maombi. Njoo na kalamu yako. Za ofisi huwa zinapotea.